Sharti na Hitimisho: Kauli za "Ikiwa... Basi" katika Sarufi ya Kiswahili na katika Uthibitisho wa Jiometri

0. Utangulizi

Jiometri, kama ilivyorithiwa kutoka kwa Wagiriki wa kale, ni elimu ya kauli zenye sharti. Karibu kila pendekezo lake lina sehemu mbili: sehemu inayoweka sharti, na sehemu inayotaja jambo linalofuata kwa lazima sharti hilo likitimia. Mwanafunzi anayesoma kwamba "ikiwa pande mbili za pembetatu ni sawa, basi pembe zinazozikabili ni sawa" hajaambiwa bado kwamba pembetatu ya namna hiyo iko mbele yake. Ameambiwa tu kwamba, akiipata, hana budi kulikubali jambo la pili. Kazi yote ya uthibitisho hutegemea namna anavyozielewa sehemu hizo mbili na uhusiano ulio kati yake.

Uhusiano huo hauelezwi kwa alama za hisabati peke yake. Huelezwa kwanza kwa lugha. Nchini Kongo mwanafunzi wa sekondari huusoma kwa Kifaransa, ambacho ni lugha rasmi, huku mara nyingi akiufikiria kwa mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba ya mwaka 2006, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Anaposhindwa na zoezi, husikika wakati mwingine maneno kwamba lugha yake ya nyumbani haina zana za hoja kali.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, Kiswahili kina zana hizo, tena hutenganisha katika umbo la kitenzi sharti lililoachwa wazi na sharti linalodhaniwa halitimii. Tofauti hiyo si pambo la sarufi: wataalamu wa jiometri waliihangaikia kwa karne nyingi. Pili, kosa ambalo wanafunzi hulifanya mara kwa mara, yaani kuipindua kauli ya sharti bila haki, halitokani na Kiswahili. Linatokana na kuihamisha desturi ya mazungumzo hadi kwenye uwanja wa uthibitisho, na wazungumzaji wa lugha yoyote huweza kulifanya.

1. Namna za kueleza sharti katika Kiswahili sanifu

Kwa ajili ya uchambuzi huu, sehemu inayoweka sharti itaitwa kitangulizi, na sehemu inayotaja matokeo itaitwa kifuatio. Kiswahili sanifu hueleza kitangulizi kwa njia kuu tatu.

1.1. Kiambishi -ki-, pamoja na ukanushi wake -sipo-: "ukichora mstari huu, utaikata pembe katikati", "usipouchora, hutaiona njia". Umbo hili ni fupi na limezoeleka katika methali. Hata hivyo lina kazi nyingine: hueleza pia matendo yanayokwenda pamoja kwa wakati, kama katika "nilimwona akichora". Msomaji hutambua maana inayokusudiwa kwa kuangalia muktadha.

1.2. Viunganishi "ikiwa", "iwapo", "endapo" na "kama". Katika mazungumzo ya miji ya Katanga, "kama" husikika sana kuliko kiambishi -ki-. Lakini "kama" hubeba pia maana ya ulinganishi ("mviringo kama sahani"), ya ukadirio ("watu kama ishirini") na ya swali lililo ndani ya sentensi ("hajui kama pembe ni sawa"). Kwa sababu hiyo "ikiwa", likifuatwa na "basi" mwanzoni mwa kifuatio, hufaa zaidi katika maandishi ya hisabati: mipaka ya sehemu mbili za kauli huonekana mara moja.

1.3. Viambishi -nge- na -ngali-: "pande hizi zingekuwa sawa, pembe nazo zingekuwa sawa". Hapa msemaji haliweki sharti tu. Humjulisha pia msikilizaji kwamba yeye mwenyewe haamini kwamba limetimia. Vitabu vya sarufi kwa kawaida huhusisha -nge- na wakati uliopo na -ngali- na wakati uliopita, ingawa wazungumzaji wengi hawaishiki tofauti hiyo. Jambo lililo muhimu kwa mada hii ni lile linaloviunganisha viambishi hivi viwili, nalo ni mashaka au kukana kwa msemaji.

Zaidi ya njia hizo, kuna dhamira tegemezi, ambayo huweka kitu mbele ya msomaji bila kudai kwamba kipo: "na iwe ABC pembetatu". Mtu asemaye hivyo hasimulii wala haulizi. Anaomba jambo likubaliwe kwa muda ili hoja ipate kuanza.

2. Kauli moja na sura zake nne

Na ichukuliwe kauli ifuatayo kuhusu pembenne na diagonali zake, yaani mistari miwili inayounganisha ncha zinazokabiliana:

(a) Ikiwa pembenne ni mraba, basi diagonali zake zina urefu sawa.

Kutokana na kauli hii moja zinaweza kuundwa kauli nyingine tatu:

(b) kauli iliyopinduliwa: Ikiwa diagonali za pembenne zina urefu sawa, basi pembenne hiyo ni mraba.

(c) kauli iliyokanushwa: Ikiwa pembenne si mraba, basi diagonali zake hazina urefu sawa.

(d) kauli iliyopinduliwa na kukanushwa pamoja: Ikiwa diagonali za pembenne hazina urefu sawa, basi pembenne hiyo si mraba.

Kauli (a) ni kweli. Kauli (b), ambayo wanafunzi wa Kongo huijua kwa jina la Kifaransa réciproque, si kweli, kwa kuwa mstatili wenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 4 una diagonali zilizo sawa na wala si mraba. Mfano mmoja wa namna hiyo unatosha kuiangusha kauli nzima, na mifano elfu inayoiunga mkono haitoshi kuisimamisha. Kauli (c) huanguka kwa mfano uleule wa mstatili. Kauli (d) husimama. Sababu yake ni nyepesi: pembenne ingekuwa mraba huku diagonali zake si sawa, kauli (a) ingekuwa ya uongo, nayo imekwisha kukubaliwa.

Kwa hiyo kauli hizi huenda mbili mbili. Ya kwanza na ya nne husimama pamoja au huanguka pamoja. Ya pili na ya tatu vilevile. Lakini hakuna daraja kutoka jozi moja hadi nyingine. Anayetaka kuvuka kutoka (a) hadi (b) hana budi kuleta uthibitisho mpya.

Msingi wa jambo hili ulijadiliwa zamani. Philo wa Megara, mwanafalsafa wa Kigiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alishikilia kwamba kauli ya sharti ni ya uongo katika hali moja tu, nayo ni pale kitangulizi kinapokuwa kweli na kifuatio kikawa uongo. Kwa kipimo hicho kauli ya sharti huahidi machache kuliko inavyodhaniwa. Haisemi lolote kuhusu yatakayotokea sharti lisipotimia.

3. Desturi ya mazungumzo na desturi ya uthibitisho

Katika maisha ya kila siku watu husikia zaidi ya hayo. Mtu akimwambia kijana sokoni, "Ukinisaidia kubeba mzigo huu, nitakupa nauli", kijana huelewa papo hapo kwamba asiposaidia hatapewa nauli. Neno hilo halikutamkwa, lakini msikilizaji ana haki ya kulidhani: kama nauli ingetolewa kwa vyovyote vile, kwa nini sharti liliwekwa? Wanaisimu wa Marekani Michael Geis na Arnold Zwicky walilichunguza jambo hili mwaka 1971 kwa kutumia sentensi za Kiingereza, wakalieleza kama hitimisho ambalo sentensi humwalika msikilizaji kulifikia pasipo kumlazimisha. Mifano yao inathibitisha kwamba tabia hii si ya Kiswahili peke yake.

Methali za Kiswahili ni hazina nzuri ya kuupima mwaliko huo. "Usipoziba ufa utajenga ukuta" ni kauli ya sharti iliyo kamili. Wengi huongeza moyoni: ukiziba ufa, hutajenga ukuta. Nyongeza hiyo ni nasaha njema, lakini haimo katika maneno, kwa kuwa ukuta ulioziba ufa wake waweza kubomolewa na mafuriko. "Ukiona vyaelea, vimeundwa" nayo hutoa hitimisho kutoka dalili hadi chanzo. Kuipindua ni kosa: si kila chombo kilichoundwa huelea. Na methali "Dalili ya mvua ni mawingu" hufundisha kwamba mvua haiji pasipo mawingu. Haisemi kwamba kila wingu lina mvua. Msafiri atazamaye juu, asione wingu, akaacha mwavuli nyumbani, ametumia kauli iliyopinduliwa na kukanushwa, naye yumo katika haki. Yule aonaye wingu na kuapa kwamba mvua itanyesha ameipindua kauli pasipo kibali.

Mifano hii yaonyesha kwamba mwalimu hana haja ya kuutafuta ugeni ili aufundishe utaratibu wa hoja. Anachohitaji ni kumfanya mwanafunzi asikilize kilichosemwa na kukitenga na kile kilichodhaniwa. Katika mazungumzo, kudhani ni adabu na busara. Katika uthibitisho, kila dhana isiyotamkwa ni deni lisilolipwa.

4. Mfano wa Euclid: pendekezo na lililopinduliwa

Kitabu cha kwanza cha Misingi ya Euclid, kilichoandikwa karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, huonyesha uangalifu huo. Pendekezo la 5 lasema: ikiwa pande mbili za pembetatu ni sawa, basi pembe zinazozikabili ni sawa. Pendekezo la 6 lasema: ikiwa pembe mbili za pembetatu ni sawa, basi pande zinazozikabili ni sawa. La pili ni la kwanza lililopinduliwa. Kwa macho umbo ni lilelile, na msomaji mwenye haraka angeuliza kwa nini kurasa zipotezwe kusema jambo moja mara mbili. Euclid hakulihesabu kuwa jambo moja, bali alithibitisha kila pendekezo peke yake.

Uthibitisho wa pendekezo la 5 unaweza kuandikwa kwa ufupi kwa njia inayohusishwa na Pappus wa Alexandria, wa karne ya 4 baada ya Kristo. Na iwe ABC pembetatu ambayo upande AB ni sawa na upande AC. Na ilinganishwe pembetatu ABC na pembetatu ACB, yaani umbo hilohilo likisomwa kutoka upande wa pili. AB ni sawa na AC. AC ni sawa na AB. Pembe A ni ya zote mbili. Imekwisha kuthibitishwa katika pendekezo la 4 kwamba, ikiwa pembetatu mbili zina pande mbili sawa na pembe iliyo kati ya pande hizo sawa, basi zinalingana katika kila sehemu. Kwa hiyo pembe B ni sawa na pembe C. Hoja hii huenda mbele moja kwa moja: kauli ya sharti imekubaliwa, kitangulizi chake kimeonekana kutimia, kifuatio kinakubaliwa.

Pendekezo la 6 lahitaji njia nyingine. Na iwe ABC pembetatu ambayo pembe B ni sawa na pembe C. Yadaiwa kwamba AB ni sawa na AC. Kama pande hizo zisingekuwa sawa, mmoja ungekuwa mrefu kuliko mwenzake; na uwe AB. Hapo ingewezekana kuweka nukta D juu ya AB ili DB iwe sawa na AC, kisha kuchora mstari DC. Pembetatu DBC na ACB zingekuwa na pande DB na AC zilizo sawa, upande BC wa pamoja, na pembe B iliyo sawa na pembe C. Kwa pendekezo la 4 zingelingana. Lakini pembetatu DBC imo ndani ya pembetatu ABC na ni sehemu yake tu. Sehemu ingekuwa sawa na kitu kizima, jambo ambalo ni muhali. Kwa hiyo pande AB na AC ni sawa.

Inafaa kuangalia vitenzi vya aya hizo mbili. Katika uthibitisho wa kwanza vitenzi viko katika hali ya kudai: "ni", "zina", "zinalingana". Katika uthibitisho wa pili, mara tu dhanio linapowekwa, -nge- hutawala mpaka muhali unapofikiwa, ndipo sentensi ya mwisho hurejea katika hali ya kudai. Msomaji aweza kuona kwa macho, katika kila kitenzi, ni sentensi ipi iliyothibitishwa na ni ipi inayoishi chini ya kivuli cha dhanio litakalotupwa. Mwanafunzi ambaye hunakili mstari wa katikati wa uthibitisho kana kwamba ni ukweli uliokwisha kuthibitishwa angezuiwa na kiambishi chenyewe.

5. Kamba ya fundi mwashi

Kutofautisha kauli na kauli iliyopinduliwa si mchezo wa darasani. Fundi mwashi anapoweka msingi wa nyumba, hupima mita 3 kwenye kamba moja, mita 4 kwenye kamba ya pili inayoanzia kigingi hichohicho, kisha hupima umbali kati ya ncha mbili. Akipata mita 5, husema kona imekaa sawa. Wengi husema kwamba anatumia kanuni ya Pythagoras. Kwa kweli anatumia kauli iliyopinduliwa. Kanuni hiyo, ambayo ni pendekezo la 47 la kitabu cha kwanza cha Euclid, yasema: ikiwa pembe ni mraba, yaani ya nyuzi 90, basi mraba wa upande unaoikabili ni sawa na jumla ya miraba ya pande mbili nyingine. Fundi hajui bado kama pembe yake ni mraba. Anajua urefu tu, na kwamba 9 na 16 ni 25. Haki ya kuhitimisha kwamba pembe ni mraba anaipata katika pendekezo la 48, ambalo Euclid alilithibitisha kando. Kwa bahati njema, hapa kauli zote mbili ni kweli.

Bahati hiyo haipatikani kila mara. Fundi huyohuyo hupima diagonali za msingi ili kuhakikisha kwamba umbo ni mstatili. Ni kweli kwamba, ikiwa pembenne ni mstatili, diagonali zake ni sawa. Lakini pembenne yenye upande wa mbele wa mita 10 na upande wa nyuma wa mita 8 ulio sambamba nao, na mbavu mbili zilizo sawa, nayo ina diagonali zilizo sawa, wala haina hata pembe mraba moja. Anayepima diagonali peke yake aweza kujenga nyumba iliyobana upande wa nyuma. Akipima kwanza kwamba pande zinazokabiliana ni sawa, kisha diagonali, hitimisho linakuwa halali. Sharti moja lililoachwa huonekana baadaye katika vigae na mabati.

Pale kauli zote mbili zinapokuwa zimethibitishwa, wanahisabati huziunganisha kwa maneno "ikiwa, na ikiwa tu". Neno "tu" lataka tahadhari. Sentensi "pembenne ni mraba ikiwa tu diagonali zake ni sawa" huweza kusomwa kana kwamba usawa wa diagonali unatosha, ilhali kimantiki inasema tu kwamba usawa huo hauna budi kuwapo. Mpaka matumizi yatakapokuwa imara, ni salama zaidi kuandika sentensi mbili kamili, moja ya kwenda na moja ya kurudi.

6. Mistari sambamba: kutoka -nge- hadi -ki-

Mfano mkubwa kuliko yote wa umbali ulio kati ya kauli na kauli iliyopinduliwa ni nadharia ya mistari sambamba. Pendekezo la 27 lasema: ikiwa mstari unaoikata mistari miwili hufanya pembe za ndani za kupishana zilizo sawa, basi mistari hiyo ni sambamba. Pendekezo la 29 hulipindua: ikiwa mistari miwili ni sambamba, basi mstari unaoikata hufanya pembe za kupishana zilizo sawa. La kwanza huthibitishwa bila kutegemea dai la tano la Euclid. La pili ndilo la kwanza katika kitabu kizima kulihitaji.

Dai la tano lenyewe ni kauli ya sharti: ikiwa mstari unaoikata mistari miwili hufanya upande mmoja pembe mbili za ndani ambazo jumla yake ni pungufu ya pembe mraba mbili, basi mistari hiyo, ikirefushwa, hukutana upande huo. Ikipinduliwa, hupatikana kauli kwamba, mistari ikikutana, pembe hizo mbili huwa pungufu ya pembe mraba mbili; nalo ni pendekezo la 17, ambalo Euclid alilithibitisha. Proclus, mfafanuzi wake wa karne ya 5, aliliona hilo kuwa ajabu: kauli iliyopinduliwa inathibitika, iweje kauli yenyewe iombewe kukubaliwa bila uthibitisho? Dhana kwamba kinachothibitika kikienda lazima kithibitike kikirudi ilikuwa moja ya sababu zilizowasukuma wataalamu kulitafutia dai hilo uthibitisho. Walijaribu Omar Khayyam (1048–1131), Nasir al-Din al-Tusi (1201–1274) na wengine wengi.

Mwaka 1733 Mjesuiti wa Kiitalia, Girolamo Saccheri, alichapisha jaribio lililofuata njia ya muhali kwa ukamilifu. Alichukua pembenne yenye mbavu mbili zilizo sawa na zilizosimama wima juu ya kitako, akauliza habari za pembe mbili za juu. Zingekuwa mraba, dai la Euclid lingesimama. Zingekuwa pana kuliko pembe mraba, muhali ungefikiwa, naye aliufikia. Zingekuwa nyembamba kuliko pembe mraba, alitarajia muhali mwingine. Lakini alitoa pendekezo baada ya pendekezo bila kuupata. Mwishoni alilikataa dhanio hilo kwa kusema kwamba linapingana na tabia ya mstari ulionyoka, jambo ambalo halikuwa uthibitisho.

Karibu miaka mia moja baadaye Nikolai Lobachevsky, katika maandishi yaliyotolewa Kazan kuanzia mwaka 1829, na János Bolyai, mwaka 1832, walilikubali dhanio lilelile na kujenga juu yake jiometri nzima. Mwaka 1868 Eugenio Beltrami alitoa mifano iliyofungua njia ya kuonyesha kwamba jiometri hiyo haina mgongano wa ndani isipokuwa jiometri ya Euclid nayo iwe nao. Katika jiometri hiyo pendekezo la 27 lasimama, na pendekezo la 29 laanguka. Kauli na iliyopinduliwa zimetengana kabisa.

Sarufi ya Kiswahili hueleza tofauti ya watu hao kwa silabi moja. Saccheri aliandika katika roho ya -nge-: pembe zingekuwa nyembamba, mambo haya yangefuata, nayo hayawezekani. Lobachevsky na Bolyai walisema kwa -ki-: pembe zikiwa nyembamba, mambo haya hufuata. Hatua nyingi za hoja zao zinafanana. Kilichobadilika ni msimamo wa msemaji kuhusu kitangulizi, na Kiswahili huutia msimamo huo ndani ya kitenzi. Ndiyo maana inapasa kuyatumia maumbo haya kwa uangalifu. Anayeandika -nge- kabla ya kuufikia muhali amelikana dhanio mapema. Ikiwa muhali haupatikani, kiambishi chake kimedai zaidi ya uthibitisho wake.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba umbo la kitenzi hufikiri badala ya mtu. Mwaka 1981 Mmarekani Alfred Bloom alidai kwamba wazungumzaji wa Kichina, kwa kuwa lugha yao haina umbo maalumu la kitenzi kwa sharti lisilotimia, hupata shida katika hoja za namna hiyo. Mwaka 1983 Terry Au alimpinga kwa majaribio yaliyoonyesha kwamba, habari zikiandikwa kwa Kichina cha kawaida, wasomaji huzielewa vizuri. Kiambishi -nge- ni msaada kwa msomaji. Hakiwi sababu ya kudai kwamba wasemaji wa lugha moja wamezaliwa na mantiki kuliko wengine.

7. Hitimisho

Mambo yafuatayo yanaweza kupendekezwa kwa wanaofundisha au kuandika jiometri kwa Kiswahili. "Ikiwa... basi" itumike katika kutamka mapendekezo, ili kitangulizi na kifuatio vionekane wazi. Dhamira tegemezi itumike katika kuweka umbo linalochunguzwa. Umbo la -ki- au hali ya kudai itumike katika hoja inayokwenda mbele moja kwa moja. Umbo la -nge- liwekwe akiba kwa dhanio ambalo muhali wake utaonyeshwa, na liachwe mara muhali unapofikiwa. Na kila kauli inapothibitishwa, mwanafunzi aulizwe: ikipinduliwa, je, inasimama; na uthibitisho wake uko wapi?

Swali hilo la mwisho laweza kuulizwa kwa Kifaransa, kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine yoyote. Lakini mwanafunzi aliyelizoea katika lugha anayofikiria nayo hatalisahau anapohamia katika lugha ya mtihani. Atajua kwamba mawingu ni dalili ya mvua, na kwamba kuyaona mawingu si kulowa.